Kabla Hamjakata Tiketi ya Noeli



Kila mwaka yanapoanza Majilio, watu wa Igowole huzungumzia mambo matatu: mvua, chai na safari. Mvua, kwa kuwa mahindi yanangoja palizi na miche ya miti ya mbao inangoja kupandwa. Chai, kwa kuwa majani huchipua kwa wingi zinyeshapo mvua na kila mkono wahitajika shambani. Na safari, kwa kuwa wenye ndugu Dar es Salaam hupenda kwenda kula Noeli kwao. Juu ya mvua na chai sina la kuwafundisha. Juu ya safari ninalo neno, nalo si jepesi.

Katika Jumapili ya pili ya Majilio ya mwaka mmoja, baba wa familia alinijia baada ya Misa akiwa na daftari mkononi. Aliomba nimwombee safari. Nimebadili mambo madogo ili familia hiyo isitambulike. Na kwa kweli hapana haja ya kuitambua, maana zinazofanana nayo ni nyingi. Katika daftari hilo aliandika kila kitu kwa utaratibu wa kupendeza: nauli ya watu watano, kwenda na kurudi, viatu vya watoto, gunia la viazi, debe la maharage na kuku wawili wa kuwapelekea wenyeji. Wangetoka hapa hadi Nyololo kwenye barabara kuu, wapande basi, washuke Kitonga, wavuke Mikumi, na jioni wafike stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis. Usiku wa mkesha wangesali katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile lililojengwa wakati wa Wajerumani karibu na bandari na kukamilika mwaka 1902. Tarehe 25 wangekula kwa mdogo wake. Tarehe 26 watoto wangepelekwa kuona bahari, maana hawajaiona.

Niliusifu mpango huo, na sikumdanganya. Mtu ambaye mwaka mzima amechuma chai katika ukungu na kulala kwenye baridi ana haki ya kuwaonyesha watoto wake bahari. Kisha nikamwuliza swali moja: “Hicho chakula cha tarehe 25, baba, atakipika nani?”

Akajibu upesi, bila wasiwasi wowote: “Si yupo binti yetu kule, Baba Padre? Yule wa marehemu kaka.”

Nikauliza binti huyo alikwenda lini. Alikwenda alipomaliza darasa la saba, akiwa na ahadi kwamba angefundishwa ushonaji. Nikauliza amesharudi mara ngapi. Hapo yule baba alinyamaza, akalitazama daftari lake kana kwamba jibu lilikuwa humo. Binti hakuwa amerudi hata mara moja. Noeli nne zilikuwa zimepita. Na cherehani? Cherehani hakuwahi kuishika.

Ndugu zangu, katika daftari lile viazi vilikuwamo, maharage yalikuwamo, hata kuku walikuwamo. Jina la binti halikuwamo. Hakuandikiwa zawadi wala gauni, wala nauli ya kurudi nyumbani. Alikuwa sehemu ya jiko la wenyeji. Familia yake yenyewe ilipanga kusafiri karibu kilomita 600 ili ikahudumiwe naye.

Familia iliyompoteza mtoto mjini

Injili inatusimulia safari inayofanana sana na hiyo. Mtakatifu Luka, katika sura ya pili, anaeleza kwamba wazazi wa Yesu walikuwa na desturi ya kwenda Yerusalemu kila mwaka kwa Sikukuu ya Pasaka. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili walikwenda naye. Sikukuu ilipokwisha wakashika njia ya kurudi, wakidhani kwamba mtoto yumo katika msafara pamoja na jamaa. Walitembea mwendo wa siku moja kabla ya kutambua kwamba hayumo. Hiyo ndiyo Injili isomwayo katika Sikukuu ya Familia Takatifu kwa mwaka C wa liturujia, siku chache tu baada ya Noeli.

Kwanza, tuone kwamba safari yenyewe haikuwa kosa. Familia Takatifu ilitoka kijijini, ikaenda mji mkubwa kwa ajili ya sikukuu, pamoja na ndugu na majirani. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba padre huyu anawakataza watu wa shamba wasiende mjini. Lakini tuone pia kosa linavyoanza. Linaanza kwa kudhani. Walidhani yumo katika msafara. Sisi nasi twadhani: yuko kwa baba yake mdogo, yuko kwa shangazi, yuko kwa mama mmoja mwema anayesali, kwa hiyo yuko salama. Neno “ndugu” limekuwa blanketi tunalomfunikia mtoto ili tusione anavyotetemeka.

Basi tuwatazame Yosefu na Maria walivyofanya. Hawakusema, “Amekwisha kuwa mkubwa, atajua mwenyewe.” Waligeuka, wakarudi mjini, wakamtafuta kwa uchungu hadi wakamwona siku ya tatu. Wao walitembea siku moja bila mtoto wakaona ni msiba. Sisi tumetembea miaka minne, na tunapogeuka kuelekea mjini hatuendi kumtafuta. Twaenda kula pilau yake.

Majibu tunayojipa

Najua yatakayosemwa, maana nimeyasikia mara nyingi. Nitayajibu moja baada ya jingine.

Wa kwanza husema: “Huyo si mtumishi, ni mtoto wa nyumbani.” Maneno haya yangekuwa matamu kama yangekuwa kweli. Mtoto wa nyumbani huketi mezani na watoto wenzake, huenda shule au chuo kama wao, huugua na kupelekwa hospitali kama wao, hulala wanapolala wao. Binti ninayemsema huamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Akitaja mshahara, huambiwa kwamba yeye ni mtoto wa nyumbani. Akitaja shule, huambiwa kwamba alikuja kufanya kazi. Kwa hiyo amenyimwa haki za mtumishi kwa jina la undugu, na amenyimwa haki za ndugu kwa jina la utumishi. Huo si ukarimu, ni ujanja.

Wa pili husema: “Anakula bure na kulala bure.” Hakuna alaye bure katika nyumba anayoipika, anayoifagia, anayoifulia nguo na kulea watoto wake. Ng’ombe wa kulimia naye hupewa majani na zizi, na hakuna mkulima aliyewahi kuyaita majani hayo mshahara. Je, binti yetu ana thamani ya ng’ombe?

Wa tatu husema: “Noeli ndipo kazi zinapozidi, wageni ni wengi, hawezi kuruhusiwa wakati huo.” Hapo tumefika kwenye shina la jambo. Furaha yetu ya kuzaliwa kwake Mkombozi imejengwa hivi kwamba lazima awepo mtu mmoja ambaye kwake yeye Mkombozi hajazaliwa. Sisi tunakwenda Misa ya mkesha, yeye anabaki akichambua mchele. Sisi tunarudi tukiimba, yeye yupo jikoni akigeuza nyama. Wachungaji wa Bethlehemu walikuwa kazini usiku ule, nao ndio walioitwa wa kwanza. Malaika hakuwaambia wabaki na kondoo kwa kuwa wageni ni wengi.

Wa nne husema: “Yeye mwenyewe hataki kurudi, amekwisha zoea mjini.” Yawezekana. Lakini aliulizwa na nani, na mbele ya nani? Binti asiye na nauli mfukoni, anayezungumza na mama yake kwa simu ya mwajiri huku mwajiri amekaa kando, atasema kwamba hajambo. Asipojibu hivyo, ataulizwa simu ikishakatwa. Mwulizeni mkiwa naye peke yenu, akiwa na nauli mkononi. Hapo ndipo mtajua anataka nini.

Yasemwayo na sheria

Baadhi yetu tunadhani kwamba haya ni mambo ya huruma tu, ambayo mtu akipenda hufanya, asipopenda huacha. Sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimwachi nje mtumishi wa nyumbani. Inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo katika kila juma. Inampa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, yenye malipo. Inamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi na kumkabidhi mfanyakazi. Na inasema kwamba afanyaye kazi katika siku ya mapumziko ya kitaifa alipwe maradufu. Tarehe 25 na 26 Desemba ni siku za namna hiyo. Sheria hiyohiyo inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliyefika umri huo bado mdogo aruhusiwe kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma.

Hali kadhalika, kima cha chini cha mshahara kinawekwa kwa amri ya serikali, nacho hurekebishwa mara kwa mara. Amri ya mwaka 2013 ilimwekea mtumishi wa kawaida alalaye kwa mwajiri shilingi 40,000 kwa mwezi. Ile ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilipandisha hadi shilingi 60,000. Si fedha nyingi. Wako wanaozitumia kwa chakula cha siku moja katika hoteli za ufukweni.

Sasa turudi kwenye daftari la yule baba. Mnamo Desemba 2023 mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, yaani LATRA, ilipanga nauli ya basi la kawaida la mikoani kuwa shilingi 48 na senti kadhaa kwa kila kilomita. Kwa kilomita 600 ni takriban shilingi 29,000 kwa mtu mmoja. Watu watano, kwenda na kurudi, wanahitaji takriban shilingi 290,000. Hizo ni karibu mishahara ya miezi mitano ya binti kwa kiwango kile cha 60,000, kama angelipwa. Lakini nauli ya kumrudisha binti mmoja nyumbani ni 29,000 tu. Kwa hesabu hiyo fedha haikukosekana. Gharama ya safari ya binti ni sehemu ya kumi ya gharama ya safari iliyopangwa. Kilichokosekana ni mstari mmoja katika daftari.

Na kabla ya sheria za nchi ilikuwapo sheria ya Mungu. Amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati, sura ya tano, inawataja kwa bayana mtumishi wa kiume na wa kike, ili nao wapumzike kama bwana wao, na inawakumbusha Waisraeli kwamba wao pia walikuwa watumwa Misri. Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anasema kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake humfikia Bwana. Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mfanyakazi hawezi kunyang’anywa mapumziko ya siku takatifu, kwa kuwa ni haki ya Mungu kabla ya kuwa haki ya mtu. Yohane Paulo wa Pili, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alihesabu mapumziko ya kila juma na likizo ya mwaka miongoni mwa haki za kila mfanyakazi. Mafundisho haya si mageni. Ni sisi tuliokuwa wageni kwayo.

Tuanze na nyumba ya padre

Yamkini mmoja wenu anasema moyoni: “Na kwenu ninyi mapadre, siku ya Noeli nani yupo jikoni?” Swali ni la haki, nami silikwepi. Katika nyumba nyingi za mapadre yupo mama au binti anayepika tarehe 25 wakati sisi tunapokea pongezi. Aghalabu hatujui analipwaje, maana tulimkuta alipokuwapo. Kanuni ya 1286 ya Sheria za Kanisa inawaagiza wasimamizi wa mali za Kanisa kufuata kikamilifu sheria za kazi za nchi pamoja na mafundisho ya Kanisa. Padre anayehubiri haki altareni huku mpishi wake hana mkataba wala likizo anabomoa kwa mkono wa kushoto alichojenga kwa mkono wa kuume. Mimi mwenyewe nilichelewa kuliona hilo, na nilipoliona niliona aibu. Basi nisomeni kama mwenzenu aliyekutwa na kosa hilohilo.

Kwa ndugu zetu wenyeji wa mjini

Najua kijitabu hiki husafiri, na kwamba wengine wenu mtakisoma mkiwa Dar es Salaam. Ninyi ni watoto wa milima hii. Mlisoma kwa jasho la wachuma chai na wapasua mbao. Twafahamu kwamba maisha ya mjini ni magumu, na kwamba nyumba yenye watoto wadogo na wazazi wote wawili kazini haiwezi kwenda bila msaidizi. Hatuwalaumu kwa kuhitaji msaada. Tunawauliza kwa nini kila mtakapo msaidizi asiyedai chochote mnapiga simu Mufindi. Sifa tunazopewa, kwamba mabinti wa Iringa ni wapole na wachapakazi, zimegeuka kuwa bei: maana yake ni kwamba hawatalalamika. Upole wa mtoto si ruhusa ya kumdhulumu.

Na kuna madalali wanaopita vijijini wakiwachukua mabinti kwa ahadi za kazi nzuri, wakilipwa kwa kila kichwa. Wajue kwamba kumsafirisha mtu kwa hila ili akatumikishwe ni jinai chini ya Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Na mzazi anayepokea kitenge na fedha kidogo, kisha asiulize mtoto anapelekwa wapi, asijidanganye kwamba mikono yake ni safi.

Basi tufanye nini?

Sisemi mfute safari. Nasema ipangeni upya, mkianzia na jina lililosahauliwa.

Kwanza, kabla hamjakata tiketi, ulizeni likizo ya binti ni lini. Kama ni Noeli, basi aje yeye nyumbani, nanyi muahirishe bahari hadi mwaka ujao. Bahari haitakauka.

Pili, kama mmeamua kwenda, semeni na wenyeji mapema kwamba tarehe 25 mtapika ninyi, wanaume kwa wanawake, na kwamba binti atakwenda Misa pamoja nanyi na kuketi mezani pamoja nanyi. Mgeni anayekuja na viazi aje pia na mikono.

Tatu, mkifika, taka kuona anapolala. Ulizeni anapata kiasi gani, na kinawekwa wapi. Ulizeni habari za cherehani. Maswali haya si matusi. Ni wajibu wa mzazi. Mwenyeji mwema hatakasirika, na akikasirika mmekwisha kupata jibu.

Nne, ombeni masharti ya kazi yaandikwe, hata kama mwajiri ni ndugu. Undugu haufi kwa karatasi. Hufa kwa dhuluma. Na pale penye malipo yaliyozuiliwa, kipo chama cha wafanyakazi cha CHODAWU kinachowahusu pia watumishi wa majumbani, ipo ofisi ya kazi, na ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Tano, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iandike orodha ya watoto wake wote walio kazini mjini: jina, mahali, mwaka aliokwenda, na siku ya mwisho aliyoonekana kwa macho. WAWATA na VIWAWA wasaidie kazi hiyo. Orodha iletwe parokiani, nasi tutawaandikia mapadre wenzetu wa parokia za huko wawatafute watoto hawa kama waamini wao, maana ndivyo walivyo.

Yule baba alikwenda Dar es Salaam. Alirudi baada ya siku tano akiwa na watu watano katika basi, na mimi nilihesabu. Binti hakuwamo. Lakini aliniambia kwamba siku ya Noeli mke wake aliingia jikoni, akamvua binti aproni, akaivaa yeye, akamtuma kanisani. Wenyeji walinuna. Binti aliporudi kutoka Misa alilia kwa muda mrefu bila kusema neno, ndipo wakajua mengi ambayo kwa miaka minne hawakuyajua. Likizo yake ilipatikana mwezi Aprili. Alishuka Nyololo mwenyewe, akiwa na begi moja. Hakurudi tena kule.

Hilo si jambo la kupigia ngoma. Miaka minne ya mtoto hairudishwi na nauli. Lakini mtoto aliyepotea mjini alionekana, kwa sababu hatimaye kuna aliyegeuka njiani kumtafuta. Noeli njema yaanzia hapo.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika Jumuiya yetu, ni watoto wangapi wako kazini mjini? Nani kati yetu amewaona kwa macho katika mwaka huu?

2. Tunapokwenda kwa ndugu wakati wa sikukuu, ni nani anayekosa Misa ili sisi tule?

3. Je, yupo mtu anayetumika nyumbani kwetu, hapa hapa kijijini, bila mshahara wala siku ya kupumzika? Tutamfanyia nini kabla ya Noeli?